HALALI SI CHETI CHA UKUTANI TU



Tukiingia kwenye hii mikahawa ya Kimarekani, ya kuku wa ndoo, baga na pitsa, swali letu ni moja tu: "Ni halali?" Tukionyeshwa cheti ukutani, basi, mambo yamekwisha. Twaagiza, twapiga picha, twatia status, twarudi nyumbani tumeshiba. Ndugu zangu, hilo swali ni zuri na msiache kuliuliza. Lakini ni nusu ya swali.

Tueleweke mapema. Hatusemi kula huko ni haramu. Sisi si mamufti, na hatuna ruhusa ya kuharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Kijana aliyefanya kazi mwezi mzima akitaka kumtoa mamake au mkewe wakale mahali penye kiyoyozi, ni haki yake na Allah ampe zaidi. Tunachosema ni hiki: Qur'ani katika Al-Baqara, aya ya 168, haikutaja halali peke yake. Imeiunganisha na twayyib, kilicho chema, kilicho safi. Sisi tumeshika neno la kwanza tukaliacha la pili mlangoni.

HICHO KITI UNACHOKALIA KINA HISTORIA

Tarehe 1 Februari 1960, mji wa Greensboro, North Carolina, huko huko Marekani. Vijana wanne weusi, wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, waliingia duka la Woolworth. Woolworth ilikuwa kampuni kubwa yenye maduka kila mahali, na ndani ya duka mlikuwa na kaunta ya chakula. Wakanunua vitu vidogo vidogo, pesa zao zikapokelewa bila tatizo. Kisha wakakaa kwenye kaunta wakaagiza kahawa. Wakaambiwa hapa hatuwahudumii watu weusi.

Mnaona? Pesa ya mtu mweusi haikuwa na rangi. Kiti ndicho kilichokuwa na rangi.

Hawakuvunja kioo wala hawakutukana mtu. Walikaa tu, mpaka duka likafungwa. Kesho yake wakarudi na wenzao. Siku chache baadaye walikuwa mamia, na miji mingine ikaiga. Woolworth ilipoona biashara yaumia, Julai 1960 iliinua mikono, na watu weusi wa kwanza kuhudumiwa kwenye ile kaunta walikuwa wafanyakazi wa duka lenyewe. Miaka minne baadaye, 1964, ikapita sheria ya haki za kiraia iliyokataza ubaguzi katika mikahawa nchi nzima.

Mmoja wa wale wanne aliitwa Ezell Blair. Baadaye alisilimu, akachukua jina la Jibreel Khazan. Ni wangapi kati yetu tulifunzwa jina hilo madrasa au shuleni?

Na msidhani mambo yaliisha hapo. Mwaka 1994 mikahawa ya Denny's, ambayo iko Marekani nzima, ililipa zaidi ya dola milioni 54 kumaliza kesi za wateja weusi waliolalamika kwamba walicheleweshwa makusudi, au walitakiwa kulipa kabla ya kula wakati wazungu hawakutakiwa. Hiyo ni miaka 30 baada ya sheria kupita!

Funzo letu ni nini? Hii mikahawa haikuzaliwa na adabu. Ilifunzwa adabu na wateja. Nguvu iko kwa anayelipa, akijua anacholipia.

SWALI LA KWANZA: ANAYEKUHUDUMIA ANA HAKI GANI?

Mashirika yanayotoa cheti cha halali yakagua machinjo, mafuta na jikoni. Hiyo ndiyo kazi yao. Hayaji kuuliza yule dada aliyekuletea sinia aliruhusiwa kuvaa hijabu, au aliambiwa hijabu "haiendani na sare". Hayaulizi yule kaka wa jikoni anapata dakika kumi za kuswali Magharibi. Ramadhani ikifika, hayaulizi kama anapata japo tende na maji wakati wa adhana, au anasimama akiwapakulia wengine futari yao huku yeye bado amefunga.

Fikirieni hilo kidogo. Sisi tumekaa na jamaa zetu twafuturu, meza imejaa. Anayetuhudumia amefunga kama sisi, na bado hajatia kitu mdomoni. Hicho chakula machinjo yake ni halali, sawa. Lakini kina twayyib gani?

Na hapa si hisani tunayoomba. Ni sheria ya nchi. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, na hata mavazi yametajwa kwa jina. Si serikali tu inayokatazwa, na mtu binafsi pia. Kifungu cha 32 chasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa sawa kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inamkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya dini, na inamlazimu kumpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko kila wiki. Meneja akisema "hiyo ni sera ya kampuni", mwambieni kwa upole: sera ya kampuni haikai juu ya Katiba.

SWALI LA PILI: VIAZI VIMETOKA WAPI?

Wengine mwakumbuka Januari 2022. KFC, ambayo ilifungua mkahawa wake wa kwanza Kenya mwaka 2011, ilitangaza imeishiwa na chipsi. Chipsi! Katika nchi inayolima viazi Nyandarua, Meru, Nakuru na Elgeyo Marakwet! Ndipo Wakenya wengi wakajua kwamba viazi vile vilikuwa vyatoka ng'ambo kwa meli, na meli zilikuwa zimechelewa. Kampuni ikajitetea kwamba kila muuzaji lazima apite ukaguzi wake wa ubora. Sawa, ubora ni muhimu. Lakini muulize mkulima wa Nyandarua: miaka zaidi ya kumi mko hapa, mlishindwaje kumkagua jirani?

Watu wakachachamaa mitandaoni, wakatangaza mgomo. Haikuchukua muda kampuni ikasema itatafuta viazi vya hapa nyumbani. Hakuna aliyerusha jiwe. Simu zilitosha.

Sasa sisi wa Pwani hilo latuhusu vipi? Latuhusu sana. Nenda Lighthouse jioni uone akina mama na viazi karai, mihogo ya kukaanga, kachiri. Kile ni kiazi cha mkulima wetu, kimekaangwa na mama yetu, na faida yake inalipa karo ya madrasa na shule mtaani kwetu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hatusemi msile kuku wa ndoo. Twasema tu kwamba ukishatumia pesa ya maana kwenye mall mara moja, usije ukapigana bei na mama wa viazi karai kwa shilingi kumi. Hapo tutakuwa wanyonge kwa wakubwa na wababe kwa wadogo.

SWALI LA TATU: JINA HILI LINAFANYA NINI KWINGINE?

Hapa ndipo damu ya vijana huchemka, na ina haki kuchemka. Oktoba 2023, wakati Gaza inapigwa mabomu, McDonald's ya Israel ilitangaza kuwapa wanajeshi wa Israel chakula cha bure. Waislamu na wasiokuwa Waislamu duniani wakakataa kuingia kwenye mikahawa yenye jina hilo. Mkuu wa kampuni hiyo Marekani mwenyewe alikiri, Januari 2024, kwamba biashara yao Mashariki ya Kati imeumia. Aprili mwaka huo kampuni ikatangaza itainunua mikahawa yote 225 ya Israel kutoka kwa aliyekuwa anaiendesha. Anayesema mgomo wa wateja haufanyi kitu, mwonyesheni hiyo.

Lakini ebu tusikizane vizuri. McDonald's haina hata tawi moja Kenya! Na bado kwenye magrupu ya WhatsApp tunasambaza orodha ya kila kitu chenye jina la kizungu, bila kujua nani amefanya nini. Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujamdhuru mtu kwa kutojua. Aya hiyo haikuweka "isipokuwa kwenye fowadi".

Tazameni Malaysia. Aprili 2024 KFC ya huko ilifunga kwa muda matawi zaidi ya 100. Kampuni ilitaja hali ngumu ya uchumi, magazeti ya huko yakataja mgomo. Wafanyakazi wake wengi ni Waislamu. Hatusemi wale ndugu zetu walikosea, wana hesabu yao. Twasema kisu hiki ni kikali, na mwenye kisu kikali hakirushi gizani. Ukigoma, jua jina, jua kosa, jua unachodai, na ujue utaacha lini. Mgomo usio na dai ni hasira tu, na hasira hupoa njaa ikiuma.

NA SISI JE?

Sasa tuje kwenye jambo wengine hawatapenda kulisoma. Kuna hoteli zetu wenyewe. Mwenyewe ni Muislamu, ukutani kuna Ayatul Kursiy, biriani ni tamu kupita kiasi. Lakini wahudumu hawana mkataba wa maandishi, siku ya mapumziko hawaijui, akiugua anakatwa mshahara, akiuliza anaambiwa "shukuru una kazi". Kwani jasho la huyu halina thamani kwa sababu bosi wake anaswali saf ya mbele? Mafundisho ya Mtume ﷺ kuhusu ujira na jasho la mfanyakazi tuliyasoma tukiwa watoto. Al-Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo, na mshahara pia ni kipimo.

Tukiwabana Wamarekani tukawaachia wetu, hiyo itakuwa ni ushabiki, kama wa timu za mpira. Haki haina jezi.

"MTU MMOJA ATABADILISHA NINI?"

Hilo ndilo jibu la uvivu, na kila dhalimu hulipenda. Greensboro walianza wanne. "Mtawafutisha watu kazi" nalo tumelisikia. Hatujaomba mkahawa wowote ufungwe. Twaomba dada avae hijabu yake kazini, kaka apewe dakika zake za swala, mkulima wetu akaguliwe kama anavyokaguliwa wa Ulaya. Mkahawa gani utafilisika kwa tende tatu na glasi ya maji?

YA KUFANYA, KUANZIA WIKI HII

1. Ukiingia, uliza kuhusu cheti cha halali: kimetolewa na nani, kinaisha lini. Kifungu cha 46 cha Katiba chakupa haki ya kupata habari kuhusu unachonunua. Usione haya.

2. Uliza meneja, si mhudumu, ili usimtie mhudumu matatani: wafanyakazi wenu Waislamu waruhusiwa hijabu? Waswali wapi? Ramadhani wafuturu saa ngapi? Uliza kwa adabu na tabasamu. Maneno hayo yakitoka kwa wateja ishirini kwa wiki moja, lazima yafike kwa wakubwa.

3. Kama wewe ndiye mfanyakazi na unanyimwa haki, andika. Ombi la mdomo hupotea na upepo. Andika barua au meseji, weka nakala na tarehe. Ukikataliwa, ofisi ya leba ya kaunti iko, tume ya usawa wa jinsia iko na malalamiko ya ubaguzi ni kazi yake, na mahakama ya ajira pia iko.

4. Usisambaze orodha ya mgomo ambayo hujaihakikisha. Ukishaihakikisha, shikilia. Usigome Jumatatu ukaonekana kwenye foleni Ijumaa.

5. Usitupe chakula. Kuagiza meza nzima kwa ajili ya picha, halafu nusu iende kwenye pipa, ni israfu, hata kama kila kipande kimechinjwa kwa Bismillah.

Vijana wa Greensboro walitaka kikombe cha kahawa, na kwa kukitaka wakafungua mlango wa nchi nzima. Sisi mlango tumeukuta wazi. Twaingia, twakaa, twahudumiwa. Basi tusikubali anayetuhudumia awe ndiye aliyefungiwa nje.

Sambaza kwa mwenzako, na zaidi kwa yule unayempangia ahadi ya kula wikendi hii.

#HalaliNaTwayyib #HakiHainaJezi