Mwenzako Ufukweni Si Mwizi wa Mwanga

Vijana wanaoanza kupiga picha katika pwani hii, kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo, hufundishwa mapema kwamba mpiga picha mwenzao ni mtu wa kukwepwa. Ukimwona sokoni na kamera, geuza njia. Akikuuliza picha ile ya jahazi uliipigia wapi, mjibu juu juu. Akisogea karibu na kona yako, subiri aondoke ndipo utoe lenzi. Sababu zinazotolewa ni tatu: ataiga picha yako, atakuchukulia wateja, atakuvurugia utulivu. Sizidharau, maana wanaozitoa wanaishi kwa kazi hii. Lakini nikizipima kwa hali halisi ya Bagamoyo, naona zinatukinga na hatari ndogo huku zikituacha wazi mbele ya hatari kubwa.

Tuanze na jambo ambalo hakuna anayeweza kulibadili: kukutana hakukwepeki. Bagamoyo iko takribani nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na huku jua hupanda karibu wima, hivyo mwanga laini wa asubuhi haukawii kwisha. Ufuko unatazama mashariki. Anayetaka jahazi lionekane jeusi mbele ya jua hana budi kuja alfajiri. Anayetaka rangi za tanga huja jioni, jua likiwa mgongoni mwake upande wa mji. Ongeza bamvu: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali, vyombo hukaa juu ya mchanga na wachuuzi huvifuata kwa miguu. Jua na bahari hutupangia sote ratiba moja. Anayeapa kumkwepa mwenzake anajinyima saa zilizo bora kuliko zote.

Hoja ya kuigwa ndiyo inayotajwa zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi. Wapeleke watu wawili kwenye magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo. Mmoja atarudi nyuma apate kaburi la nguzo pamoja na miti na anga. Mwingine atachutama atafute mikwaruzo ya chokaa kwenye jiwe la matumbawe. Mahali ni pale pale, picha ni mbili. Zanzibar inatupa ushahidi wa muda mrefu zaidi. Studio za zamani za Gomes, Coutinho na Pereira de Lord zilipiga na kuuza picha za mji ule ule, na leo tunafaidika kwamba hazikuachiana uwanja. Ranchhod Oza alijifunza kazi kwa Gomes kabla ya kufungua Capital Art Studio mwaka 1930. Angekuwa amefichwa kila kitu, Zanzibar ingekosa hazina ya picha iliyotoka katika studio hiyo.

Hata sheria haiungi mkono umiliki wa kona. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha uliyokwisha kuipiga. Haikupi ukuta wa Ngome Kongwe ya Bagamoyo, wala umbo la mbuyu, wala macheo. Mwenzako akichukua picha yako bila ruhusa, una madai. Akisimama uliposimama na kupiga ya kwake, huna.

Hofu ya kuchukuliwa wateja ina msingi zaidi. Bibi na bwana harusi husafiri kutoka Dar es Salaam, karibu kilomita 70, kuja kupigwa picha Mji Mkongwe wa Bagamoyo na ufukweni, na wapo wanaothubutu kumpa namba ya simu mteja wa mwenzao katikati ya kazi. Huo ni utovu wa adabu na usemwe wazi. Ila mtu wa namna hiyo hadhibitiwi kwa kununiana. Hudhibitiwa pale wapiga picha wanapojuana kwa majina, kwa sababu aliye na sifa ya kulinda ana cha kupoteza. Tena kazi nyingi hupita mikononi mwa wanaofahamiana: Jumamosi yenye harusi mbili, shughuli inayohitaji mtu wa pili, betri iliyokufa kabla ya bibi harusi kushuka garini.

Sasa nifike kwenye hatari kubwa niliyoitaja. Soko la samaki halitutofautishi. Mvuvi anayekokota nyavu hajui nani ni wa gazeti, nani wa harusi, nani mwanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, anayejifunza. Kwake sote ni watu wa kamera. Mmoja akimlenga mama anayekaanga samaki bila hata salamu, atakayefuata atakuta uso umegeuzwa. Mmoja akiahidi kuleta picha na asirudi, ahadi za wote zinakuwa uongo. Kwa hiyo mwenendo wa mwenzangu ni jambo langu, na siwezi kuugusa nikiwa nimempa kisogo. Ninaweza nikimfuata na kumwambia, “Habari za kazi, kaka. Yule mzee mwenye ngalawa hapendi kupigwa, mwache. Wale wa upande wa pili anza kwa shikamoo, watakukaribisha.” Maneno hayo mawili matatu yanalinda riziki yangu kuliko siri yoyote ya kona.

Kuhusu utulivu, nakubali nusu. Lenzi tano zikimzunguka mtu mmoja, kazi yake inasimama na heshima yake inaguswa. Lakini kununiana hakuwapunguzi hao watano, kunawafanya wasukumane. Wakisemeshana, wanaweza kupeana zamu, mmoja akapiga huku mwingine akisubiri, na yeyote akiona anayepigwa amechoka akawaambia wenzake inatosha. Mwenye haki ya kwanza pale si aliyewahi kufika. Ni yule aliyeko mbele ya kamera.

Basi kijana anayeanza leo afundishwe kinyume cha mazoea. Akimwona mwenzake amsogelee, amsalimie, amwulize amezungumza na nani na nani amekataa. Kona watagawana bila hasara. Imani ya watu wa ufukweni hawezi kuijenga peke yake, na ikibomoka kwa kosa la mwingine, itambomokea yeye pia.