Magari Yanayovuka Kwenda Mafia: Namba Hubadilika, Moshi Haupimwi

Kijiji cha Kanga kipo kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Mafia, mkoani Pwani, katika barabara itokayo Kilindoni kuelekea Rasi Mkumbi. Gari linaloonekana kijijini hapo likiwa limebeba nazi, samaki au abiria kwa kawaida limekwishapita mikono kadhaa. Lilitumika kwanza nje ya nchi, likaingia Dar es Salaam au Unguja, likahudumu huko kwa miaka, na ndipo likauzwa kwa mkazi wa kisiwa. Linapofika Kanga, kadi yake hubeba jina jipya, na pengine namba mpya. Jambo ambalo kadi hiyo haisemi ni hali ya moshi unaotoka katika bomba lake.

Suala hilo linastahili kuangaliwa kwa kina wakati huu ambapo nchi za Afrika Mashariki zinaelekea kwenye viwango vya pamoja vya moshi wa magari. Viwango hivyo vitakapoanza kutekelezwa kwa ukamilifu, swali kwa mwananchi wa Kanga litakuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: gari lililosajiliwa kwingine litapimwa wapi, na nani, na kwa gharama ya nani?

Daftari mbili ndani ya nchi moja

Mafia ina historia ndefu na Zanzibar. Hadi mwaka 1890 kisiwa hicho kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kabla ya kuwekwa chini ya Wajerumani. Waingereza walikitwaa mwaka 1915 katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1922 kikawekwa chini ya utawala wa Tanganyika. Mipaka ilihama, lakini undugu na biashara kati ya Mafia na Unguja vimeendelea. Si ajabu, basi, mkazi wa Kanga kupata gari kutoka kwa ndugu yake aliyepo Unguja.

Hata hivyo, usajili wa magari una daftari mbili. Tanzania Bara husajili kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na namba za magari huanza kwa herufi T. Zanzibar ina utaratibu wake wa usajili, na namba zake huanza kwa herufi Z. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ni ya Tanzania Bara, nayo Zanzibar ina sheria yake ya usafiri wa barabarani. Usajili wa vyombo vya moto umekuwa miongoni mwa hoja za Muungano zilizojadiliwa katika vikao vya pamoja vya Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Mjadala huo kwa muda mrefu umejikita katika kodi. Wananchi wameuliza kwa nini gari lililokwishalipiwa ushuru Unguja lidaiwe tofauti ya kodi linapovuka kwenda Bara, na Serikali imeuliza namna ya kulinda mapato bila kumtoza mtu mara mbili. Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, yameacha nyuma swali jingine. Gari linapotoka daftari moja kwenda jingine, maofisa huangalia thamani yake, umri wake, ukubwa wa injini yake na namba ya chasisi. Yote hayo husomeka katika nyaraka. Moshi hausomeki katika nyaraka. Sharti upimwe kwa kifaa.

Kanuni zipo tangu mwaka 2007

Haitakuwa sahihi kusema kwamba nchi haina sheria kuhusu jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo msingi, na chini yake zilitungwa Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007, ambazo zinagusa pia moshi wa magari. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lina dhamana ya usimamizi, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Kwa nyakati tofauti ukaguzi huo umefanyika huko yanakotoka magari, kama vile Japani, au baada ya kuwasili nchini.

Aidha, mafuta yenyewe yameboreshwa. Tangu Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hatua hiyo ilikuwa muhimu, kwa kuwa salfa nyingi huharibu vifaa vinavyosafisha moshi. Uwekaji wa vinasaba katika mafuta nao umesaidia kudhibiti uchakachuaji.

Kwa upande wa umri, Tanzania imechagua njia ya kodi badala ya katazo. Gari dogo lenye umri wa miaka 8 hadi 10 limekuwa likitozwa ushuru wa ziada wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Ushuru huo ndio wananchi wanaouita ushuru wa uchakavu. Kenya imeweka ukomo wa miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa, na Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, ilizuia yaliyofikisha miaka 15. Rwanda ilianza mwaka 2025 kupima moshi wa magari yaliyopo barabarani kwa kutumia viwango vya Afrika Mashariki.

Ukizitazama hatua hizo kwa pamoja, utaona kwamba kwa Tanzania nguvu kubwa imewekwa mlangoni, siku gari linapoingia nchini. Baada ya siku hiyo, gari binafsi linaweza kuuzwa mara tatu au nne na kuhamia mkoa wowote bila moshi wake kupimwa. Magari ya biashara hukaguliwa ubora kabla ya kupewa leseni ya usafirishaji na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na Jeshi la Polisi hukagua vyombo vya moto, hususan katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Ukaguzi huo hutazama zaidi breki, matairi, taa na usukani, mambo yanayookoa maisha papo kwa hapo.

Ipo pia hatua ya mwaka 2017 ambayo athari yake haijadiliwi mara nyingi. Katika bajeti ya mwaka huo Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, na kufidia mapato hayo kwa kuongeza ushuru wa bidhaa kwenye mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Hatua hiyo ilimwondolea mwananchi usumbufu na madeni yaliyokuwa yakilimbikizwa hata kwa magari mabovu yaliyolazwa uani. Lakini kwa kufutwa kwa ada hiyo, ilitoweka pia siku moja kwa mwaka ambayo mwenye gari na mamlaka walikuwa na sababu ya kukutana. Siku hiyo ingeweza kutumika kupima moshi.

Kinachofika mwisho wa safari

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), katika ripoti yake ya mwaka 2020, lilieleza kuwa magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje ya nchi zao duniani kati ya mwaka 2015 na 2018. Takriban asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati, na takriban asilimia 40 ya yote yalifika Afrika. Mengi hayakukidhi viwango vya moshi, na mengine yalikuwa yamekwishaondolewa vifaa vyenye thamani, kikiwamo kile ambacho mafundi nchini hukiita masega.

Masega hukaa katika mfumo wa bomba la moshi na hubadili gesi zenye sumu, kama kaboni monoksaidi, kuwa gesi zenye madhara madogo. Ndani yake mna madini ya thamani, ndiyo maana hutolewa na kuuzwa. Gari lisilo na masega huendelea kutembea, na mnunuzi wa tatu au wa nne huenda asijue kwamba kifaa hicho hakipo. Kwa dizeli, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilithibitisha mwaka 2012 kwamba moshi wake husababisha saratani kwa binadamu.

Wapo watakaosema kwamba Kanga haina msongamano wa magari kama Kariakoo, na kwamba upepo wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, huondoa moshi mara moja. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini injini inayotoa moshi mweusi ni injini inayopoteza mafuta, na mafuta yakifika kisiwani yamekwishaongezewa gharama ya kuvushwa. Injini inayotoa moshi wa buluu inaunguza oili, na mara nyingi huivujisha pia. Katika kisiwa ambacho wananchi hutegemea visima, na ambacho kusini na mashariki yake kimezungukwa na Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, oili inayomwagika ardhini haina mahali pa mbali pa kwenda.

Masharti makali huhitaji huduma ya karibu

Mfano unaotajwa sana duniani ni Jimbo la California nchini Marekani. Bodi ya jimbo hilo inayosimamia ubora wa hewa iliundwa mwaka 1967, baada ya jiji la Los Angeles kusumbuliwa kwa miaka mingi na ukungu wa moshi. Mkazi wa California anayenunua katika jimbo jingine gari linalohesabiwa kuwa jipya, yaani lililotembea chini ya maili 7,500, sawa na takriban kilomita 12,000, hawezi kwa kawaida kulisajili iwapo halikuthibitishwa kwa viwango vya California. Lililotembea zaidi hukubaliwa, lakini kwa kawaida hupimwa moshi kwanza.

Utaratibu huo ni mkali, na unatekelezeka kwa sababu vipimo hufanyika katika gereji zilizopewa leseni, zilizotapakaa jimbo zima. Mwenye gari hupimiwa karibu na anapoishi.

Hali ya Kanga ni tofauti. Kituo kinachofahamika cha ukaguzi wa magari kwa mitambo ni kile cha Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) jijini Dar es Salaam. Iwapo sheria itamtaka mkazi wa Kanga kuwa na cheti cha moshi kabla ya kuhamisha umiliki, naye hana mahali pa kupimia kisiwani, atalazimika kuliendesha gari hadi Kilindoni, kulivusha hadi Nyamisati, kuliendesha hadi Dar es Salaam, kisha kurudi nalo. Gharama hiyo inaweza kumfanya aahirishe kabisa kuhamisha umiliki. Matokeo yake gari litabaki kwa jina la mtu aliyeliuza zamani, na Serikali itakosa takwimu sahihi, mapato na cheti chenyewe. Wengine watashawishika kupitia bandari bubu, jambo ambalo ni kosa chini ya sheria za forodha na linaweza kusababisha gari kutaifishwa.

Hata hivyo, jiografia inayoifanya Mafia kuwa mbali ndiyo inayoweza kuifanya iwe mfano. Dar es Salaam ina barabara nyingi za kuingilia, na hakuna anayeweza kusimama katika zote. Kwa Mafia, njia kuu ya gari ni moja: kivuko cha MV Kilindoni, kinachoendeshwa na Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA) kati ya Nyamisati wilayani Kibiti na Kilindoni. Vifaa vya kubebeka vya kupima moshi hutumiwa barabarani katika nchi mbalimbali. Kifaa kimoja kikiwekwa gatini Nyamisati, na mkaguzi mmoja akifundishwa kukitumia, kingetosha kujua hali ya karibu kila gari linalovuka kwenda kubaki kisiwani. Kifaa hichohicho kingeweza kupelekwa Kirongwe na Kanga kwa siku zilizotangazwa, ili mwenye gari apimiwe kijijini kwake.

Kwa utaratibu huo, cheti cha moshi kingeambatanishwa na hatua ambazo mwananchi tayari analazimika kuzifuata TRA: kusajili upya gari lililotoka daftari jingine, au kuhamisha umiliki. Gari lisilofaulu lingepewa muda wa kutengenezwa kabla ya adhabu yoyote, kwa kuwa tatizo la moshi mara nyingi huanzia kwenye chujio la hewa, plagi au nozeli, vitu ambavyo fundi wa kisiwani anaweza kuvishughulikia.

Wakati utaratibu wa namna hiyo ukisubiriwa, mnunuzi ana wajibu wake. Kabla ya kulipa, ahakiki kadi ya gari na jina la mmiliki katika ofisi ya TRA, na kwa gari lenye namba ya Zanzibar, aulize kwa maandishi taratibu za forodha na usajili zinazotakiwa ili lihamie Bara. Aombe injini iwashwe ikiwa imepoa, autazame moshi, na amwite fundi anayemwamini akague iwapo masega yapo. Hatua hizo hazigharimu fedha nyingi, na kwa sasa ndizo kipimo pekee kilicho karibu na Kanga.

Viwango vya Afrika Mashariki vitafika Mafia, kama ilivyofika dizeli yenye salfa kidogo. Kazi iliyobaki kwa mamlaka ni kuhakikisha kwamba siku masharti hayo yatakapoanza kutumika, kifaa cha kupimia kiwe kimekwishavuka bahari.