Mwenye Hadithi Asimulie Mwenyewe



Mkoloni hakututawala kwa bunduki peke yake. Alitutawala pia kwa kutusema. Baina ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu zipatazo 35 za kumfundisha Mwafrika kilimo na afya. Waigizaji walikuwa Waafrika, lakini neno halikuwa lao.

Leo twataka kusema habari ya mwenzetu wa Uganda, Cleopatra Kambugu. Alizaliwa akahesabiwa mwanamume, naye mwenyewe akajijua kuwa ni mwanamke. Wapo watakaosema, "Hayo si ya Chama." Twawaomba wasome mpaka mwisho.

Februari 2014 Rais Museveni alitia saini sheria kali dhidi ya watu wa mapenzi ya jinsia moja, na watu kama Kambugu wakatiwa kapu hilo hilo. Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ile Agosti mwaka huo huo, lakini chuki haikufutika. Katika miaka hiyo gazeti la nchi yake lilimwanika ukurasa wa mbele. Hakuwa na usalama tena. Akaikimbia nchi aliyozaliwa, akaenda Kenya.

Hata hivyo hakunyamaza. Mwaka 2016 ilitoka filamu The Pearl of Africa, inayomfuata yeye na mwenzi wake hadi Thailand, alikokwenda kupasuliwa. Gazeti lilikuwa limemfanya kituko. Ndani ya filamu yeye ni mtu: anapenda, anaogopa, anacheka, na anasema kwa kinywa chake. Mwaka 2021 serikali ya Uganda ilimpa kitambulisho na pasipoti zinazomtambua kuwa mwanamke. Mwaka 2023 nchi hiyo ikatunga sheria nyingine, kali kuliko ya kwanza. Safari bado ni ndefu.

Aliyeshika kamera alikuwa bwana mmoja wa Sweden, Jonny von Wallström. Twamshukuru. Lakini twauliza: kwa nini mtoto wa Afrika akose wa kumsikiliza kwao, mpaka aje mgeni kutoka Ulaya?

Hatubishani na masheikh wetu. Elimu ya dini ina wenyewe. Sisi twasema la haki. Kumtangaza mtu ili apigwe ni dhuluma. Chama kilichosimama kupinga dharau ya mtawala hakiwezi kumdharau mnyonge wa mtaani kwake.

Nasi hapa Kengeja wageni huja na kamera zao, wakapiga picha za mchezo wa ng'ombe, wakaenda zao. Tamasha la filamu la ZIFF lipo Unguja tangu mwaka 1998; vijana wetu wangapi wamepeleka kitu? Matawi yetu yawafundishe kushika kamera. Mvuvi, mchumaji karafuu, mjane, na yule anayechekwa njiani, kila mmoja aseme lake.

Uhuru wa nchi tuliupigania. Uhuru wa kujisimulia bado twaudai, na kwanza tuudai kwetu wenyewe.