USIMHUKUMU RAIS WA MAREKANI KWA ASILIMIA (Sehemu ya 3)

Mama zangu na wadogo zangu, tangu juzi mnanitumia picha ile ile: rais wa Marekani, asilimia chini yake, na maneno "Wamarekani wamemchoka!" Wengine mnashangilia, wengine mnamtetea. Nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, lakini hili siwezi kulilalia.

Swali wanaloulizwa ni moja tu: unaikubali kazi anayofanya rais, au huikubali? Wanaulizwa watu wazima kama elfu moja hivi, na Gallup walilianza tangu enzi za Roosevelt. Hesabu yao sibishani nayo. Nabishana na sisi tunaoifanya hukumu. Kipimajoto kinaniambia mtoto ana 39, hakiniambii kama ni malaria, sikio au mkojo. Ukinijia na hiyo 39 tu ukataka dawa, sikupi. Nampima kwanza.

Mtazameni George W. Bush. Septemba 2001, baada ya mashambulizi, 90% walimkubali. Oktoba 2008 wamebaki 25%. Mtu ni yule yule! Katikati kulikuwa na vita ya Iraq, kimbunga Katrina, na uchumi ulioporomoka. Lakini humo humo katikati, 2003, alianzisha PEPFAR, mpango uliotuletea dawa za kufubaza VVU kliniki. Februari 2008 alipokuja Tanzania, watu walijipanga barabarani Dar kumpokea, wakati kwao wengi walishamkataa. Sisi tulimpima kwa dawa, wao kwa vita na nyumba zao zilizokuwa zinachukuliwa na benki. Na mama wa Baghdad naye ana kipimo chake, ila yeye hakuna aliyempigia simu kumuuliza.

Sasa hapa ndo panaponiuma. Taasisi ya KFF imewauliza Wamarekani mara kadhaa: katika bajeti ya serikali yenu, misaada ya nje ni kiasi gani? Kwa wastani wanataja kama robo. Robo nzima! Ukweli ni kama 1%. Wakishaambiwa hiyo 1%, wanaosema misaada imezidi wanapungua sana. Kwa hiyo ninyi mnaoandika "Wamarekani wametuchukia", hapana. Wengi wamekasirikia namba ambayo haipo, na wanasiasa wao wamewaacha waiamini kwa sababu inawafaa.

Januari 20, 2025, Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada kwa siku 90 ili ikaguliwe. Kufika Julai 1 shirika la USAID likafungwa. Wiki zile za mwanzo akina mama walikuwa wananivuta pembeni kliniki: "Sista, dawa zinaisha?" Mmoja, ananyonyesha mtoto wa miezi minne, alikuwa ameanza kumeza leo, kesho anaruka, ili kopo lidumu. Hakutaka kumwambia mtu. Nilimwelewa, ila nilitetemeka, maana kuruka hivyo ndo kunakompa virusi nafasi ya kupanda, na mtoto yuko kwenye ziwa. Niambieni, mama huyu anasaidiwa nini na rais kukubalika kwa 40 au 50?

Na msiwacheke Wamarekani kwamba hawaijui bajeti yao. Mwaka 2001, pale Abuja, marais wa Afrika waliahidi kuweka angalau 15% ya bajeti kwenye afya. Nani kati yenu anajua nchi yake mwaka huu imeweka ngapi? Mimi mwenyewe muuguzi nilikaa miaka bila kuuliza. Tunajua umaarufu wa rais wa watu hadi nukta, halafu bajeti ya wizara ya afya ikisomwa tunabadilisha stesheni tukaangalie tamthilia. Basi safari hii msibadilishe. Sikilizeni hadi mwisho, muone dawa za ARV zinanunuliwa kwa hela ya nani, kisha mbunge akija kwenu kuomba kura mumuulize hilo kabla ya kupokea kanga.

Wewe unayetumia dawa: usiruke hata siku moja kwa sababu ya picha uliyoona kwenye simu. Ukisikia uvumi, njoo kliniki uniulize. Inboksi nitajibu jioni, nikishalala. Sehemu ya 4 ni kesho: chanjo.