Kasoro ya Kiwandani Asibebeshwe Fundi



Injini ikikwama, wa kwanza kulaumiwa ni yule aliyeishika mwisho. Hiyo ndiyo desturi katika karakana za Kampala, na ni desturi ya uonevu. Kiwanda kiko mbali, mwenye duka amekwisha kutia fedha mfukoni, basi anayebaki mbele ya macho ya mwenye mali ni fundi na mikono yake yenye grisi.

Jambo hili nililishuhudia Katwe hivi karibuni. Mzee mmoja mstaafu alipeleka pikipiki yake ya zamani ifufuliwe, BSA Bantam ya sentimita za ujazo 123. Pikipiki hizo ziliundwa Birmingham, Uingereza, kuanzia 1948 hadi 1971, na mchoro wake ulitokana na DKW RT 125 ya Wajerumani, ambao Waingereza waliuchukua kama fidia baada ya vita. Injini yake ni nyepesi, haina valvu, na fundi mwangalifu haimshindi. Lakini kiwanda kilichoiunda hakipo tena. Silinda ikachongwa upya, na pistoni mpya ya kulingana nayo ikanunuliwa dukani, imefungwa vizuri katika kisanduku chake, kazi ya kampuni nyingine kabisa.

Pikipiki ilinguruma na mzee akafurahi. Baada ya safari chache ikakaza njiani. "Umeniulia injini yangu," mzee akasema, na ujira wa wiki mbili akauzuia.

Fundi hakubishana. Aliivua silinda akaitazama pistoni. Ubavu mmoja ulikuwa umesuguliwa juu, ubavu wa pili chini, yaani pistoni ilikuwa ikipanda na kushuka huku imeinama. Alama ya namna hiyo huletwa ama na konrodi, ule mkono unaoibeba pistoni, ukiwa umepinda, ama na tundu la pini lililotobolewa upande. Akapitisha pini ndefu iliyonyooka katika kichwa cha konrodi, akapima kutoka pini hadi mdomo wa kasha la injini, kulia na kushoto. Vipimo vikawa sawa. Kisha akaitia pini katika pistoni yenyewe, akaweka kipimo cha pembe mraba. Pistoni ililala upande, hata mimi nisiye fundi wa pikipiki niliona. Kosa lilizaliwa kwenye mashine ya kutobolea, kabla pistoni haijaiona Uganda.

Mzee alipoonyeshwa alikubali, akalipa. Ni mtu wa haki. Mwenye duka ndiye aliyekataa: mali ikiuzwa hairudishwi! Maneno hayo yamebandikwa ukutani katika maduka mengi ya mjini kana kwamba ni sheria ya nchi. Sheria ya nchi inasema vingine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamlinda mnunuzi aliyeuziwa kitu kisichofaa kwa kazi yake. Lakini ni mafundi wangapi wa Katwe au wa soko la Kisekka wanaopewa risiti ya maana? Asiye na risiti atamshitaki nani?

Hata hivyo tusiishie dukani. Tundu lile lilitobolewa na nani? Na mfanyakazi kama sisi. Wako watakaosema alikuwa mzembe. Mimi nasema tuulize kwanza. Huenda kishikizo cha mashine kilikuwa kimelika, akamwambia msimamizi, akajibiwa aendelee kwa kuwa hesabu ya siku haijatimia. Nani kati yetu hajawahi kujibiwa hivyo? Wenzetu wa mashamba ya chai wanaolipwa kwa kilo wanalijua vizuri: wanahimizwa wajaze kikapu, halafu kwenye mizani wanakemewa kwamba hawakuchuma majani mawili na chipukizi.

Tena asidhani mtu kwamba haya ni ya viwanda vidogo visivyo na jina. Mwaka 1972 kampuni ya Norton Villiers ya Uingereza ilitoa pikipiki ya Commando yenye injini iliyoitwa Combat. Asili ya injini hiyo ilichorwa miaka ya 1940 ikiwa ya sentimita za ujazo 500. Sasa ilikuwa imefikishwa 745, na wakubwa, wakitaka nguvu zaidi ya kutangazia biashara, wakapandisha mgandamizo hadi 10 kwa 1. Krenki ikawa inajipinda kila injini inapokwenda kasi, na ncha za roli zikachimba njia za beringi mpaka beringi zikafa mapema. Dawa ilipatikana mwaka huohuo: beringi zilizoitwa Superblend, ambazo roli zake zina tumbo kidogo, hivyo zinavumilia krenki inayojipinda. Hakuna mfunga injini hata mmoja aliyeamua juu ya mgandamizo ule. Uliamuliwa ofisini.

Mwaka uliofuata kampuni hiyo iliunganishwa na BSA na Triumph, na Septemba 1973 ikatangaza kukifunga kiwanda cha Triumph cha Meriden. Wafanyakazi walifunga malango, wakakikalia kiwanda, na mwaka 1975 wakaanza kukiendesha kwa ushirika hadi 1983. Ushirika ule ulikufa kwa ukosefu wa mtaji, lakini ulionyesha kwamba mikono inayounda mashine inaweza pia kuzisimamia.

Japani, katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi akiona kasoro hutoa ishara, na isipotatuliwa upesi mstari mzima husimama. Toyota haikufanya hivyo kwa huruma. Ilipiga hesabu.

Basi haki hiyo iandikwe katika mikataba yetu ya hali bora ya kazi: mfanyakazi anayeona kasoro ana haki ya kuiweka kando bidhaa na kuisimamisha mashine, saa hiyo alipwe kamili, na asihesabiwe mkaidi. Anayelipwa kwa kipande au kwa kilo asikatwe. Taarifa yake iandikwe katika daftari linaloonwa na mwakilishi wa chama, siyo na msimamizi peke yake, maana daftari la msimamizi tunalijua. Na makatibu wa matawi wakiulizwa mezani kifungu hicho kitamgharimu mwajiri kiasi gani, wamuulize nao zile beringi za 1972 ziligharimu kiasi gani.