Skuli si Kuta

Ndugu waamini wa Pemba, mwaka 1860 mapadre na masista kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja, wakawafunza kusoma na ufundi watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu waliipokea kazi hiyo. Mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ilizitaifisha skuli, za mashirika ya kitawa zikiwamo.

Wako wanaoyasikitikia majengo hadi leo. Lakini waanzilishi walianza na mtoto asiye na mtetezi, na mtoto huyo hatukunyang'anywa. Msimu wa karafuu ufikapo, viongozi wa jumuiya waulize: ni mtoto gani, Mkristo au Mwislamu, ameacha darasa akachume? Elimu ni haki yake. Tumtetee.