Siku Ipi, Mwanangu?

Mwezi uliopita nilihudhuria mkutano wa hadhara katika kijiji ambacho sehemu ya ardhi yake imetwaliwa kupisha barabara. Afisa aliyetumwa kuzungumzia fidia alikuwa kijana msomi, mwenye adabu, na kwa kadiri nilivyomwona hakuwa na nia mbaya. Alisema wadau wote wapo kwenye ukurasa mmoja, na kwamba mwisho wa siku kila mwananchi atapata stahiki yake. Bibi mmoja aliyeketi chini ya mwembe akainua mkono: "Siku ipi, mwanangu?"

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko kile nakijutia hadi leo, kwa maana bibi ndiye pekee aliyeuliza jambo la kisheria alasiri ile. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Bibi aliuliza wakati. Akajibiwa kwa nahau ya Kiingereza iliyovalishwa kanga.

Kwa Mwingereza, maneno hayo hayana siku ndani yake. Humaanisha tu kwamba mambo yote yakishapimwa, hili ndilo litakalobaki. Anayeyahamisha neno kwa neno humpa mwananchi siku isiyokuwamo katika kalenda yoyote.

Ugonjwa huu tuliuokota shuleni. Sekondari tulikariri orodha ndefu za nahau za Kiingereza na maana zake: kwamba mvua kubwa ni ya paka na mbwa, na kwamba anayekufa hupiga teke ndoo. Tulipewa alama kwa hayo. Leo nasahihisha kazi za wanafunzi wanaoona haya kuandika methali ya nyumbani kwao, lakini hawaoni haya kuandika kwamba ubadhirifu uliofichuliwa ni "ncha ya barafu" tu. Mwenye nahau yake anajua bahari ya baridi, ambako sehemu kubwa ya mlima wa barafu imezama majini na huvunja meli. Barafu tunayoijua sisi iko juu ya Kilimanjaro, inaonekana yote, na kila mwaka inapungua. Msomaji wa Moshi akiambiwa wizi huo ni ncha ya barafu, ana haki ya kudhani kwamba utayeyuka wenyewe.

Mwanafunzi mwingine aliandika kwamba serikali imeahidi "kukata utepe mwekundu". Kiingereza chake kilitokana na tepe nyekundu zilizofungia majalada ya serikali huko Ulaya, na maana yake ni kuondoa urasimu. Lakini kwetu anayekata utepe ni mgeni rasmi, tena kwa ngoma na picha! Ahadi ya kuondoa usumbufu imegeuka kuwa sherehe ya kuuzindua.

Nitaambiwa kwamba Kiswahili kimekopa tangu zamani. Ni kweli, wala mimi si mlinzi wa usafi wa lugha. Shule tumeitoa kwa Wajerumani, meza kwa Wareno, serikali kwa Waajemi, na hakuna aliyepungukiwa. Neno la mkopo huja pamoja na kitu chake; meza ikifika, watu wanaiona na kuilia chakula. Nahau iliyotafsiriwa hufika mikono mitupu, kwa sababu kilichoipa maana kimebaki kwao. Anayeielewa ni yule tu ambaye tayari anakijua Kiingereza. Basi mkutano unaoendeshwa kwa Kiswahili hugawanyika kimyakimya: waliosoma wanatikisa vichwa, wenye mashamba wanaduwaa.

Mwaka 2021 Bunge letu lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tulishangilia, na nilikuwa miongoni mwa walioshangilia kwa sauti. Sikufikiria wakati ule kwamba mtu anaweza kufungiwa nje ya jambo lake kwa Kiswahili vilevile.

Wewe mtumishi wa umma unayesoma hapa, pitia hotuba yako kabla hujasimama mbele ya watu. Kila ulipoandika "mwisho wa siku", weka tarehe. Kama huna tarehe, sema huna, na uitaje ofisi ambako malipo yamekwama.